Upepo Kwanza, Spana Baadaye

Tangu ijulikane kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2027, nyasi zimepata heshima ambayo sikuwahi kuiona. Wanaobishana kuhusu mpira pale Mwanjelwa na Kabwe, mjini Mbeya, sasa wanabishana kuhusu uwanja wenyewe pia: umelala au una mabonde, nani anaukata, anaukata kwa kutumia nini. Hamu hiyo imevuka viwanja vya mpira. Shule za binafsi, hoteli na makanisa ya Nyanda za Juu Kusini yanataka bustani iliyonyooka, na mashine za kukatia majani zile za kukalia, nyingi zikiwa za mitumba, nimekuwa nikiziona zikipandishwa mlima wa Kitonga juu ya malori kutoka Dar es Salaam.

Nalifurahia jambo hili. Kinachofuata baadaye ndicho kinachoniuma. Msimu wa kwanza mashine inakata vizuri na watu wanapiga nayo picha. Msimu wa pili inaanza kuacha ngazi: upande mmoja wa njia yake majani yamekatwa mpaka udongo unaonekana, upande wa pili yamesimama. Dereva analaumiwa, visu vinanolewa, hali inabaki ile ile. Msimu wa tatu mashine iko nyuma ya stoo, imefunikwa turubai, na vijana wamerudishiwa mafyekeo.

Mwezi wa tano mwaka huu kamati ya shule moja upande wa Uyole, Mbeya, iliniita nithibitishe kwa maandishi kwamba mashine yao ni chuma chakavu, ili iuzwe kwa kilo. Sikuthibitisha, kwa sababu haikuwa chakavu. Tairi moja la nyuma lilikuwa limekaa nusu, na upande ule ule nati ya kushikilia kava la visu ilikuwa imelegea. Tulijaza upepo, tukapima, tukakaza, na jioni ile ile uwanja ukakatwa. Wajumbe walinishukuru sana, tena kwa dhati, lakini mimi nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu. Mashine ya mamilioni ilikuwa inakwenda kwenye mizani ya chuma chakavu kwa kukosa upepo, na katika kikao kizima hakuna aliyekuwa ameuliza habari za tairi.

Mimi niliuliza kwa sababu nilifundishwa kuuliza. Walionifundisha walikuwa watu wa kawaida, katika miji na vijiji vyetu hivihivi, na maarifa yao sijayakuta katika kitabu chochote cha Kiswahili nilichowahi kushika. Nayaandika hapa.

Mwaka 1991, baada ya kumaliza kidato cha nne, nilipata kibarua kwenye gereji ya shamba la chai Mufindi. Anayeijua Mufindi anajua baridi yake, ukungu unaokaa mpaka saa nne asubuhi, na chai iliyotandikwa juu ya vilima tangu walowezi wa Kijerumani walipoanza kuipanda huko katika miaka ya 1920. Gereji yetu ilihudumia malori ya kubebea majani mabichi kwenda kiwandani, matrekta, na mashine moja ndogo ya kukalia iliyokata majani ya uwanja wa mpira na ya nyumba za wakubwa. Sisi vijana tuliidharau. Tulitaka malori.

Siku moja mashine hiyo ililetwa ikiwa inakata kwa kuegemea kulia. Wawili wetu tulikwishalala chini na spana mikononi, tukivitafuta visu, fundi mkuu alipotufikia. Alikuwa mzee wa Kihehe, mpole, mwenye kusema maneno machache.

"Kamwene, vijana. Tairi limesemaje?"

Hatukumwelewa. Akatuamuru tuitoe mashine pale kwenye udongo tuipeleke kwenye sakafu ya saruji, mahali tulipokuwa tukimwagia oili ya malori, kwa kuwa palikuwa sawa kuliko pengine pote gerejini. Kisha akaenda kabatini kwake akarudi na geji ya upepo iliyoviringishwa kitambaa. Mwenzangu akamwambia, "Mzee, geji ipo hapa," akimwonyesha ile ya malori. Mzee akamwita karibu amwonyeshe namba. Geji ya lori husoma mpaka zaidi ya paundi 100, na mstari wake wa kwanza unaosomeka vizuri huwa juu ya upepo ambao tairi la mashine ya majani huhitaji kwa kawaida. Mashine yetu ilihitaji paundi 14 mbele na 10 nyuma, kama kibandiko chake kilivyoandika. Kwa geji ya lori, 10 na 4 ni kitu kimoja. Kwa ile ndogo ya mzee, tairi la kulia nyuma lilisoma 4.

Kwa macho tairi lile halikuonyesha lolote. Matairi haya ni mafupi, mapana na laini makusudi, ili yasikandamize majani, kwa hiyo hata yakiwa na upepo wa kutosha hubonyea kidogo. Lakini kava la visu linaning'inia kwenye fremu, na fremu imekaa juu ya matairi. Tairi moja likishuka sentimita moja, fremu inalala upande huo, kava linalala nayo, na visu vinakata mlalo ule ule uwanja mzima. Ukikimbilia kulegeza boliti za kava ili kuusawazisha mlalo huo, utakuwa umeurekebisha upande mzima uufuate ule mbovu. Tairi likija kujazwa, ngazi inahamia upande wa pili, na hapo ndipo watu wanaposema mashine ina shetani.

Tulilichomoa tairi. Ndani ya mpira mlikuwa na mwiba wa mchongoma, ule wa ua wa nyumba za wakubwa, umevunjikia humo. Tukaziba, tukajaza, mzee akapima tena matairi yote manne, na hatukugusa boliti hata moja.

Lakini somo langu hasa lilikuja baadaye, nilipomuuliza kwa nini tusipime kwa macho ikiwa mtu ana uzoefu. Akaniambia, "Nenda shambani kamtazame mama yako anavyochuma." Mama alikuwa mchumaji, na mimi nilikuwa nimemwona akichuma tangu utotoni bila kutazama. Safari hii nilitazama. Juu ya mche alikuwa ameweka fimbo nyembamba iliyonyooka, imelala kwenye majani, na alichuma vichipukizi vilivyopita juu ya fimbo ile tu. Alipohamia mche mwingine, alihamia na fimbo. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi, vidole vyake vikijua jani changa na jani zee bila kutazama, na bado hakuyaamini macho yake kuhusu usawa wa meza ya chai. Ndiyo maana shamba lote, ukilitazama kutoka barabarani, lilionekana kama limepigwa randa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia vijana ninaofanya nao kazi kwamba usawa ni jambo la kipimo. Jicho hulinganisha kitu na kilicho jirani yake, na kama vyote viwili vimeegemea, litakwambia viko sawa.

Miaka ilipita, gereji nikaiacha, na mwaka 2003 nikawa fundi wa shule moja ya masista pembezoni mwa mji wa Iringa. Iringa ni mji wa mawe. Majabali yamejaa vilimani, Gangilonga likiwa ndilo linalojulikana zaidi, na hata pale pasipo na jabali, ukichimba kidogo unakutana na mwamba. Uwanja wa shule ulikuwa na majani mazuri juu na mawe chini yake, na kila mvua kubwa ilifunua jiwe jipya.

Mkuu wa shule alikuwa Sista aliyewahi kufundisha fizikia kwa miaka mingi, na hakukubali neno lolote lisilo na namba. Mashine ilipoanza kuacha mawimbi uwanjani, nilipima upepo kama nilivyofundishwa, nikakuta uko sawa. Nikaenda ofisini kwake.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Nadhani kisu kimepinda."

"Milele amina. Kipi, na kwa kiasi gani?"

Nikamwambia sijui. Akachukua daftari la mazoezi, akaandika tarehe juu ya ukurasa, akanipa pamoja na rula ya chuma ya maabara. "Niletee namba, mwanangu."

Njia tuliyoitumia siku ile ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Mashine unaiweka kwenye sakafu iliyo sawa, unachomoa waya wa plagi na kuufunga mbali, kwa sababu hakuna sababu yoyote duniani ya kuingiza mkono chini ya kava wakati injini bado inaweza kuwaka. Unavaa glavu nzito. Unashusha kava kwenye kimo unachokatia. Unazungusha kila kisu mpaka kilale mkato, ncha moja ikitazama kushoto na nyingine kulia, na unapima kutoka sakafuni mpaka kwenye ncha. Ncha ya nje ya kisu cha kushoto ilisoma milimita 76. Ncha ya nje ya kisu cha kulia, 76. Kwa kipimo hicho peke yake kava lilikuwa sawa kabisa, na fundi mwenye haraka angefunga daftari.

Sista hakulifunga. Alisema, "Sasa geuza kisu nusu mzunguko, upime ncha ya pili mahali palepale." Kisu cha kulia kilisoma 76 tena. Cha kushoto kilisoma 85.

Milimita tisa. Pale pale, kwenye nafasi ile ile, ncha moja inapita chini na nyingine inapita juu, kwa hiyo kosa haliwezi kuwa kwenye kava, maana kava halikusogea. Ama kisu kimepinda, ama shafti inayokizungusha. Ili kuvitenga hivyo viwili tulikitoa kisu cha kulia ambacho tulikwishajua kimenyooka, tukakifunga kushoto, tukapima ncha zote mbili. Zikalingana. Basi shafti ilikuwa nzima na kisu ndicho kilichogonga jiwe. Kama zisingelingana, tungejua shafti imepinda, na hapo hakuna kunyoosha kwa nyundo; inabadilishwa.

Kazi yote ilituchukua muda mfupi, kwa rula na daftari. Sijawahi kuisahau kwa sababu ilinionyesha kwamba dalili moja, yaani majani yasiyo sawa, ina wazazi wengi, na kila mmoja ana alama yake. Tairi likishuka, ngazi hukaa upande mmoja siku zote. Kisu kikipinda, huacha mawimbi. Ncha za visu zikilika mpaka zikawa za mviringo, vinashindwa kupishana katikati, na hapo hubaki utepe mwembamba wa majani yaliyosimama, mrefu kama njia ya mashine. Kava likiwa limeinama sana mbele, mashine inakwangua udongo kwenye kila kituta. Anayezijua alama hizi anaanza kuusoma uwanja kabla hata hajaigusa mashine.

Tulipojua kisu kimekufa, mhasibu wa shule alitaka tumwendee fundi chuma wa sokoni atuchongee kingine kutoka kwenye springi ya lori. Mafundi hao nawaheshimu. Mapanga na majembe yao yamelisha nyumba nyingi za Iringa, na springi ni chuma kizuri kwa panga. Lakini kwa kazi hii niliipinga, na Sista akasimama nami. Kisu cha mashine kina mkunjo mdogo nyuma ya makali, kama ubawa, unaotazama juu. Unapozunguka unavuta hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoyanyanyua majani yasimame yakatwe. Kisu kilichonyooka kama panga kinayalaza majani na kuyapita. Hilo ni la ubora tu. La hatari ni mwendo. Ncha ya kisu hicho hupita karibu mita 90 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Viwango vya Marekani vinaweka ukomo kwenye futi 19,000 kwa dakika. Chuma cha springi kilichopozwa vibaya kikigonga jiwe kwa kasi hiyo kinaweza kukatika, na kipande chake kikaruka kuelekea wanakokaa wanafunzi.

Kisu cha kweli kiliagizwa Dar es Salaam kikaja kwa basi. Wakati tunakisubiri, Sista alitumia Jumamosi moja kuwatoa wanafunzi uwanjani kuokota mawe, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kuinama. Mawe yasiyong'oka yalipakwa chokaa ili dereva ayaone na kuyazunguka. Na kwenye ukuta wa maabara alipigilia msumari. Kila tuliponoa kisu, tulikitundika kwenye msumari huo kwa tundu la katikati. Upande ulioshuka ndio mzito, unaondolewa chuma kidogo kwa tupa mpaka kisu kikae mlalo. Kisu kisicho na mizani hutikisa shafti, shafti hula beringi, na beringi ikilika kisu huanza kucheza juu na chini. Ngazi ikirudi, watu watanoa tena, bila kupima, na kuongeza ugonjwa.

Nilipohamia Mbeya nilidhani nimeshajua. Hoteli moja mjini ilinipa kazi mwaka 2014, yenye bustani kubwa ya nyasi aina ya kikuyu. Nyasi hii asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwetu ni mwenyeji, na ilitoka huku ikaenda kutawala bustani na malisho mpaka Australia na California. Kwenye baridi na mvua za Mbeya inakua kwa nguvu ya kutisha, ikitambaa na kujisuka mpaka unakanyaga godoro.

Masika ile mashine iliacha vishungi vya majani kila mahali. Upepo ulikuwa sawa. Visu vilikuwa vipya na vimenyooka. Nilipima kava kushoto na kulia, tofauti ikawa chini ya milimita tatu, ambayo inakubalika. Nilipima mbele na nyuma: mbele palikuwa chini kuliko nyuma kwa milimita tano hivi, kama inavyotakiwa, ili kisu kikate kwa ukingo wa mbele na kisiburuze majani kikirudi nyuma. Namba zote zilikuwa nzuri na bustani ilikuwa mbaya.

Dereva wa mashine alikuwa mzee wa Kinyakyusa kutoka Rungwe, aliyeendesha matrekta kwenye mashamba ya mpunga Mbarali kabla ya kustaafu. Nilimkuta amekaa kivulini, nikamwamkia, nikakaa naye. Nikamuuliza yeye anaonaje.

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, nina mwaka wa pili kwenye mashine hii. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Kisha akanieleza yote. Meneja alikuwa ameagiza injini iendeshwe nusu gesi ili kuokoa petroli. Mkanda wa awali ulipokatika, ulifungwa mkanda wa mashine ya kusaga, kwa kuwa ulilingana urefu na ulipatikana Mwanjelwa siku hiyohiyo. Alikuwa akisikia, kila akiingia kwenye nyasi nene, sauti ya visu inashuka wakati sauti ya injini inabaki pale pale. Mtu aliyeisikiliza mitambo maisha yake yote alikuwa ameshatambua ugonjwa: mkanda unateleza. Alichokosa ni mtu wa kumwambia.

Visu hivi havikati kwa makali peke yake. Vinakata kwa mwendo, na mwendo wenyewe hutokana na injini iliyofunguliwa gesi yote, kwa kawaida mizunguko zaidi ya 3,000 kwa dakika. Ukiiendesha nusu gesi, ule upepo wa kuyanyanyua majani unapungua, kisu kinayapiga badala ya kuyakata, na mengine yanalala na kuinuka baada ya mashine kupita. Huku kwetu kuna sababu nyingine ya kutoicheza nguvu ya injini. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Mashine iliyotengenezewa watu wa tambarare inafika hapa ikiwa imepungukiwa karibu moja ya sita ya nguvu zake, na inakutana na nyasi nene kuliko ilizozizoea. Anayetaka kuokoa petroli apunguze mwendo wa magurudumu, aiachie injini gesi yake.

Na mkanda wa mashine ya kusaga umetengenezwa kwa kazi nyingine. Unapenda kukazwa mara moja na kuzunguka kutwa nzima, puli mbili tu. Mkanda wa visu vya majani unalegezwa na kukazwa kila dereva anapowasha na kuzima visu, unapinda kwa mgongo kwenye puli ndogo, unapigwa na vumbi na maji. Ule wa kusaga ulikuwa umevutika na kung'aa pembeni kwa kuteleza.

Tuliagiza mkanda sahihi. Meneja alikubali gesi yote baada ya mzee mwenyewe kumwonyesha vipande viwili vya bustani vilivyokatwa kwa njia mbili, kimoja kando ya kingine. Mzee aliongeza masharti yake, na yote yalikuwa ya haki: kukata baada ya umande kukauka, maana majani yaliyolowa hugandia ndani ya kava mpaka hewa ikose njia, kukwangua kava kila baada ya kazi, kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja, hata kama bosi anataka fupi, na kubadilisha mwelekeo kila wiki ili matairi yasichimbe mifereji, kwa kuwa mashine inayopita kwenye mfereji hulala upande hata ikiwa nzima. Beringi za shafti zilipoanza kulia alinifundisha kwamba sihitaji kuagiza kwa jina la mashine. Namba imeandikwa kwenye ukingo wa beringi yenyewe. Yetu ilikuwa 6203, tundu milimita 17, kipenyo cha nje milimita 40, na wauza beringi wa Mwanjelwa wanazo, kwa sababu namba ni ile ile dunia nzima.

Kuna jambo moja alilokataa mbele ya meneja, nami nalihesabu kuwa ndilo kubwa kuliko yote niliyoyaona Mbeya. Chini ya kiti cha mashine hizi kuna swichi: dereva akinyanyuka visu vikiwa vinazunguka, injini inazima. Mashine ile, kama nyingi za mitumba, ilifika na nyaya za swichi hiyo zimeunganishwa moja kwa moja ili isisumbue. Mzee alisema haikalii mpaka swichi irudi, kwa sababu bustanini wanapita watoto wa wageni. Aliambiwa anachelewesha kazi. Alikaa kivulini siku nzima akiwa amevua kofia, bila kugombana na mtu, mpaka nilipofunga swichi nyingine na kumwita aijaribu. Akawasha, akanyanyuka kidogo kitini, injini ikazima. Akacheka kwa furaha, akawasha tena, akaenda kukata.

Kwa hiyo ninapoona kamati zikijadili aina ya mashine na bei yake kwa vikao vitatu, natamani nusu ya kikao kimoja kitumike kuamua nani ataikalia, atafundishwa na nani, na ana ruhusa ya kusimamisha kazi akisikia kitu. Vyuo vya VETA vya Iringa na Mbeya vinafundisha ufundi wa magari, na vijana wanaotoka huko wana mikono mizuri. Injini hizi ndogo zingestahili wiki zao kwenye mtaala, pamoja na kava, mkanda na kipimo cha usawa, kwa sababu kazi ipo na inaongezeka.

Mvua za Mbeya hushika mwishoni mwa Novemba, na Iringa hazichelewi sana nyuma yake. Mashine iliyolala tangu Juni itolewe sasa, wakati majani bado mafupi na sakafu kavu. Matairi yapimwe kwa geji ndogo, maana miezi ya kulala huwa imeshayanyonya upepo. Waya wa plagi uchomolewe, visu vipimwe ncha zote nne, na namba ziandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, ili za mwakani zipate cha kulinganishwa nacho. Daftari hilo akae nalo dereva.